Saratani ya Ini Isiyopasulika na Matibabu ya Joto
(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Saratani ya ini mara nyingi haipasuliki. Ini la mgonjwa huwa limekwisha kujaa makovu, kutokana na virusi vya homa ya ini B au pombe, na likikatwa, sehemu inayobaki haitoshi kumweka hai. Kwa baadhi ya wagonjwa hao yapo matibabu ya joto, ambayo yalianza kutumika kwa binadamu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Daktari hupitisha sindano ndefu katika ngozi, akiongozwa na picha za ultrasaundi, mpaka ncha yake iingie ndani ya uvimbe. Umeme wa mawimbi ya redio hupasha moto nyama iliyoizunguka ncha hiyo hadi nyuzi 60 na zaidi, na seli hufa katika dakika chache. Tumbo halifunguliwi. Hata hivyo, tiba hii hufaa hasa kwa uvimbe usiozidi sentimita 3. Uvimbe ulio kando ya mshipa mkubwa huweza kunusurika, kwani damu ipitayo hulichukua joto.

Hapo ndipo penye uzito kwa Mkoa wa Pwani. Uvimbe mdogo hauumi. Mgonjwa wa Kibaha, Kisarawe au Mafia akingoja mpaka tumbo lijae maji na macho yawe manjano, wakati wa sindano huwa umekwisha kupita, na yule wa Mafia ana bahari ya kuvuka kwanza. Kwa hiyo mwenye virusi vya B ambaye ini lake lina makovu hutakiwa kupigwa ultrasaundi kila miezi 6, ingawa anajiona mzima.

Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao ni sehemu kubwa ya watumishi, wengi wao hawakuipata utotoni. Aidha, sumukuvu ya mahindi na karanga huchangia saratani hii. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika Dodoma na Manyara.

Wananchi wanaombwa kuanika nafaka juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo. Mwenye mzazi au ndugu aliyeugua ini aombe kupimwa damu katika Hospitali ya Tumbi, Kibaha, au hospitali ya wilaya yake.