Je, Dhuluma ni Mbaya kwa Sababu Imekatazwa?



Katika kongamano moja hivi karibuni, msomi ninayemheshimu alisema kwamba asiyefikiwa na wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, hana njia ya kujua kuwa dhuluma ni mbaya. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi sikupiga, na leo naeleza kwa nini.

Kauli ile ina nasaba kubwa. Mwanateolojia wa Kiislamu Abul-Hassan al-Ashari, aliyefariki mwaka 936, alifundisha kwamba uongo ni mbaya kwa kuwa tu Mungu ameuhukumu hivyo. Angeuhukumu kuwa mwema, ungekuwa mwema. Wengi wetu wa pwani tumelelewa katika itikadi yake.

Ninayemwendea mimi kila mara ni Abd al-Jabbar, kadhi mkuu wa Rayy huko Uajemi, aliyefariki mwaka 1025. Kitabu chake al-Mughni, chenye juzuu 20, kilitoweka machoni pa wasomi kwa karne nyingi, hata miswada ya juzuu zake nyingi ikapatikana Yemen mwanzoni mwa miaka ya 1950. Humo anasema hata anayewakanusha mitume anajua kwamba kumwonea asiye na hatia ni kosa. Anakiri kuwa idadi ya rakaa za swala haijulikani kwa akili. Hapo wahyi ndio mwalimu. Lakini dhuluma ni mbaya kwa jinsi ilivyo, na Mungu anaikataza kwa kuwa ni mbaya.

Mfano wa hilo ni huu: mama yangu aliuza mchele Tanga. Muuzaji wa jumla aliyempimia alikuwa na pishi ya bati iliyogongwa kitako kikaingia ndani. Ukiitazama kwa juu, imejaa pomoni. Siku ilipopinduliwa, waliomzingira muuzaji huyo walikuwa Waislamu, Wakristo na wasiosali popote. Wote walipiga kelele ileile: katupunja! Hakuna aliyengoja kusomewa aya.

Mwanateolojia al-Ghazali, katika kitabu chake al-Mustasfa, anajibu hoja kama hii kwamba lawama za namna hiyo ni mazoea na huruma tu: anayemwokoa anayezama hujiona mwenyewe majini. Jibu lina uzito. Hata hivyo, huruma inaeleza kwa nini mtu ajitose. Haielezi kwa nini tunamlaumu aliyesimama ufukweni akitazama, ilhali anajua kuogelea. Na mazoea je? Biashara ya watumwa ilizoeleka pwani hii kwa karne nyingi, wala mazoea hayo hayakuifanya kuwa haki.

Tena, kama haki maana yake ni kile tu anachoamuru Mungu, basi kusema Mungu ni mwadilifu ni kusema anafanya anachofanya. Hiyo si sifa. Mimi namsifu Mungu kwa uadilifu, na ninamaanisha hivyo.

Nawaomba wanaoandaa masomo ya dini katika shule na madrasa zetu waiweke hoja ya Abd al-Jabbar kando ya ile ya al-Ashari, na wanafunzi waachwe wazipime wenyewe.