Amana ya Mkuu wa Chuo



Maneno ya leo yahusu vyuo vikuu na wale waliokabidhiwa kuviongoza. Huenda mzee aliyeteremka asubuhi kutoka mlimani na gunia lake la kahawa akauliza: mambo ya maprofesa yamhusu nini? Yamhusu sana, kwa kuwa kahawa ile ndiyo karo, na karo ile yakabidhiwa mtu asiyemjua, katika mji asioufika, kwa ajili ya mtoto ambaye hatamwona mpaka likizo. Mtu akiweka mali na mwana mahali pamoja, yampasa ajue ni nani aliyeshika funguo.

Kwanza vyeo vifahamike, maana watu huvichanganya. Katika vyuo vya serikali ya Uganda yuko Mkuu wa Chuo, aitwaye Chansela, ambaye hutunuku shahada siku ya mahafali na kuwa kama mzee wa nyumba. Kisha yuko Makamu wake, naye ndiye mtendaji. Makamu ndiye alalaye akiwaza mishahara ya wahadhiri, deni la umeme, na mgomo wa kesho. Zamani Chansela wa Makerere alikuwa Rais wa nchi mwenyewe. Baada ya sheria ya mwaka 2001 cheo kile kilimtoka, akakishika Profesa Apolo Nsibambi. Naye wakati ule alikuwa Waziri Mkuu, basi mkono wa serikali haukwenda mbali.

Mwaka 2024 cheo hicho kilimfikia Daktari Crispus Kiyonga, mwana wa Kasese, aliyepata kuwa mbunge wa Bukonzo Magharibi, ambamo Bwera imo. Furaha ya watu wa huku ina haki yake. Lakini asidhani mtu ya kuwa mwanawe sasa ataingia Makerere kwa kuwa Chansela ni wa kwao. Chansela haandikishi wanafunzi, wala hapangi karo. Na lau angeanza kuwaingiza watoto wa jirani zake, hiyo ingekuwa hiyana na si wema.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa skuli ya ufundi. Mwaka 1949 ikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London; mwaka 1963 ikaungana na Nairobi na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki, Chansela wake Mwalimu Julius Nyerere; na mwaka 1970 kila nchi ikashika chuo chake. Makamu wa kwanza wa Makerere iliyojitegemea alikuwa Frank Kalimuzo, mtu wa Kisoro. Mwezi wa Oktoba mwaka 1972 alichukuliwa na watu wa utawala wa Idi Amin, wala hakuonekana tena. Wahadhiri wengi walikimbia nchi, na chuo kilichokuwa fahari ya Afrika ya Mashariki kikabaki na majengo kuliko walimu.

Jambo hili ni zito kulitaja katika mkutano wa Waislamu, na kwa sababu hiyo hiyo yapasa litajwe. Mtawala yule alikuwa Mwislamu. Tena mwaka 1974, mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu ulipofanyika Lahore, utawala wake ndio uliopeleka haja ya chuo kikuu cha Kiislamu katika Uganda, na haja ile ikakubaliwa. Mkono ulioomba chuo kimoja ndio ule uliokiacha chuo kingine bila kiongozi. Mwenye kutaka kujua kwa nini mkuu wa chuo ahitaji sheria ya kumkinga, asitafute mfano mbali.

Haja yenyewe hata hivyo ilikuwa ya kweli. Skuli nyingi za zamani zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu alichagua baina ya kalamu na dini ya mwanawe. Wengi wakachagua dini, wakabaki na duka, machinjio na udereva wa malori. Mwanamfalme wa Buganda, Badru Kakungulu, na wenziwe wa Jumuiya ya Elimu ya Waislamu walijenga skuli, lakini juu ya skuli hapakuwa na ngazi. Ngazi ilichukua miaka 14 tangu Lahore. Amin aliondolewa mwaka 1979, vita vikafuata, na chuo kikafunguliwa Mbale tarehe 10 Februari 1988, chini ya Rekta Mahdi Adamu kutoka Nigeria. Walioanza walikuwa wanafunzi 80 tu.

Yafaa kutazama alichokikuta Rekta yule. Alikabidhiwa chuo kilichoahidiwa fedha na mataifa mengi, na ahadi za mataifa mengi hufika kwa nyakati nyingi. Walimu hawali ahadi. Kidogo kidogo karo ya wazazi ikawa nguzo ya nyumba. Chuo kikafungua matawi, pamoja na tawi la wanawake Kampala, na kikawapokea hata wasiokuwa Waislamu. Wapo walionung'unika kwa hili la mwisho. Walinung'unika bure, maana Makerere nayo iliwapokea Waislamu bila kuwauliza kibla chao, na mtoto wa Kikristo aliyesoma Mbale miaka mitatu hurudi kwao akiwajua jirani zake.

Na hapa ndipo mlima ulipo, katika Mbale, katika Makerere, na duniani kote: nani alipe? Zamani wanafunzi wa Makerere walikuwa wachache na serikali iliwalipia wote. Tangu miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa kwa wajilipiao, wakawa wengi kuwapita wale wa serikali. Chuo kilipona kwa fedha zao, nao waliosoma kwa fedha zile ni walimu na madaktari leo. Asiyeona kheri hiyo ni mpofu. Lakini chuo kilichozoea kuishi kwa karo hujikuta kikitaka karo zaidi. Mwaka 2018 Makerere iliweka nyongeza ya asilimia 15 mwaka hata mwaka. Mwezi wa Oktoba 2019 wanafunzi, wasichana wakiwa mbele, wakaandamana, na askari wakaingia mabwenini. Afrika ya Kusini yalikuwa yametokea kama hayo mwaka 2015. Uingereza yenyewe, iliyowahi kusomesha bila karo, iliruhusu mwaka 2012 karo ya hata pauni 9,000 kwa mwaka, na vyuo vyake vingi sasa hutegemea wageni watokao ng'ambo.

Iko mikopo ya serikali tangu mwaka 2014, na ziko nafasi zilizotengwa kwa kila wilaya. Si haba. Illa nafasi za wilaya hugombewa, na mtoto aliyesoma Bwera hushindana na aliyesomea kwingine akahamia wilayani mwaka wa mtihani.

Yapo na mapya. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga skuli na vyuo, wakuu wa vyuo wakaamrisha masomo kwa intaneti. Amri ilikuwa nyepesi kwa mwenye kompyuta na umeme. Mwanafunzi aliyerudi mlimani alipanda juu zaidi kutafuta mtandao wa simu, na data ikiisha, somo limekwisha. Sasa imekuja na akili mnemba, mashine iandikayo insha kabla mwanafunzi hajakaa vizuri. Wako wakuu wa vyuo watakaoipiga marufuku na wasiweze kuilinda marufuku yao. Lililo bora labda ni la kale: mwalimu amkalishe mwanafunzi mbele yake na kumwuliza kwa mdomo, kama afanyavyo sheikh na mwanafunzi wa fikihi. Lakini hilo lataka walimu wengi na madarasa madogo, na swali la fedha larudi palepale.

Kwa watu wa Bwera mzigo una uzito mwingine. Tarehe 8 Juni 1998 waasi waliwachoma vijana katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliwaua wanafunzi zaidi ya 30 katika skuli ya upili ya Lhubiriha, Mpondwe. Wazazi wao baadhi yao ni jirani za waliokaa hapa. Waliofanya hayo walijiita kwa jina la Uislamu. Baada ya hapo, mkuu wa chuo anayempokea kijana kutoka mpaka huu ampokea mtu aliyebeba jambo ambalo fomu ya kuandikishwa haina mahali pa kuliandika.

Chuo cha Mountains of the Moon, Fort Portal, kilichoanza mwaka 2005 kwa juhudi za wenyeji na ambacho sasa ni cha serikali, kimeifupisha njia ya Kampala. Na iko kazi inayongoja kiongozi wa kuiona. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika skuli za msingi na za upili, na walimu hawatoshi. Huku Mpondwe watoto hukisikia sokoni kutoka kwa Wakongomani tangu wakiwa mgongoni. Katika madrasa za Kasese na Bwera wamo vijana wanaokisema, wanaokiandika, na wenye Kiarabu kinachowafungulia sehemu kubwa ya kamusi yake; wanachokosa ni karatasi ya chuo. Wazee wa jumuiya wameshauriwa wayaandike majina yao pamoja na daraja walilofikia, na orodha ipelekwe Fort Portal na Mbale kabla ya muhula mpya kufunguliwa.