Shaka ya Wazee Wetu Juu ya Mambo Mapya

(Hotuba iliyotolewa jioni ya pili ya maadhimisho ya hekalu, mbele ya wanajumuiya na wageni kutoka Tunduma, Vwawa na Mbeya)



Kamati ya maadhimisho ilinitaka niseme neno juu ya maendeleo. Nami nimeomba ruhusa kulitazama somo hilo kutoka upande wa pili, yaani upande wa wale wasioyaamini. Kila nyumba iliyowakilishwa hapa ina mtu wa namna hiyo. Yupo babu asiyeamini fedha mpaka azishike mkononi. Yupo bibi asemaye kwamba wali uliopikwa kwa umeme hauna harufu. Yupo mjomba asiyepanda basi la usiku, na yupo shangazi ajifunikaye uso kwa upindo wa sari kila simu inapoinuliwa kupiga picha. Vijana huwacheka. Jioni hii nimesimama kuwatetea, ingawa si katika kila jambo, kwa kuwa shaka ni kama kisu: hufaa jikoni, na huweza pia kumkata mwenye nacho.

Wahenga wa nchi hii walituachia methali mbili za kutuongoza. Ya kwanza yasema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hizi hazikatazi kitu kipya. Zinatutaka tukihoji kabla hatujakitupa cha zamani.

Tuanze na reli inayopita Tunduma. Tanzania na Zambia zilipotaka kuijenga, wakubwa wa fedha duniani waliona shaka. Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 1964 ilisema mradi huo usingelipa. Mwaka uliofuata walowezi wa Rhodesia ya Kusini wakajitangazia utawala wao, njia ya Zambia ya kwenda baharini ikawa mashakani, na hesabu zote zikabadilika. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, kazi ikaanza mwaka 1970, na mwaka 1975 reli ikafika Kapiri Mposhi, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam. Waliosema haiwezekani wakashindwa.

Lakini liko swali jingine, dogo na la kienyeji, ambalo kila mama wa nyumbani hulijua: kikiharibika, nani atakitengeneza? Reli hiyo ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na kiasi hicho hakijafikiwa hata mara moja. Vichwa vya treni vilichakaa, vipuri vikakosekana, mizigo ikahamia barabarani. Matokeo yake tunayaona tunapofungua milango ya maduka yetu: safu ya malori kuelekea mpakani, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa mwaka 2019. Septemba 2024, hukohuko Beijing, nchi tatu zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli. Tuyapokee kwa furaha, huku tukiliuliza lile swali la mama wa nyumbani.

Sasa niingie katika simu. Huduma ya M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na mji wa biashara kama wetu, wenye shilingi upande mmoja wa barabara na kwacha upande wa pili, uliipokea upesi. Mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri na fedha kiunoni sasa husafiri na simu tu. Hiyo ni faida kubwa, wala sitaki mtu aidharau. Hata hivyo, kila mmoja wetu amewahi kupokea ujumbe usemao: ile hela tuma kwenye namba hii. Ujumbe huo umetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka, anayedaiwa mahali, asiyependa kusumbua watu kwa maswali. Babu yetu, ambaye hupiga simu kwanza, akadai kuisikia sauti ya mdai na kumuuliza habari za watoto, haibiki. Tunayemwita mshamba ndiye mlinzi bora wa fedha za nyumba. Enyi vijana, kabla hamjamcheka babu, jifunzeni kwake ile simu ya dakika moja.

Katika nishati, nitawatetea wazee nusu tu. Bibi asema mkaa una ladha. Kwa heshima zote, bibi, moshi hauna ladha; una gharama, na gharama hiyo hulipwa na mapafu ya mama na ya mtoto aliyefungwa mgongoni. Hulipwa pia na misitu. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Katika jambo hili, shaka ya ladha haina budi kushindwa.

Ila msikilizeni bibi anapofika sehemu ya pili ya maneno yake. Anauliza: mtungi ukiniishia tarehe 25, na mshahara u tarehe 30, nitapika nini? Mkaa huuzwa kwa kopo. Mwenye fedha kidogo hununua kidogo. Gesi hutaka bei ya mtungi mzima kwa mara moja. Na umeme wa LUKU, ambao kwa hakika waweza kununuliwa kidogo kidogo, hukatika bila kuaga. Maswali hayo hayatoki katika ujinga. Mhandisi yeyote wa maana angeyaandika katika daftari lake.

Eneo letu lina somo lake juu ya nishati. Bomba la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, lina urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Lilijengwa kwa mafuta ghafi, na tangu mwaka 2023 husafirisha dizeli. Mafuta yanakwenda nchi jirani kwa bomba, huku malori yetu yakipanga foleni vituoni kununua yaliyoletwa kwa barabara. Ileje kuna makaa ya mawe ya Kiwira, wakati vijiji vya wilaya hiyohiyo vinapika kwa kuni. Katika Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, nasi tunalifurahia. Lakini mwaka huohuo wa 2024 lilipoanza kuzalisha, ukame ulilishusha ziwa Kariba, na ndugu zetu wa Zambia wakakaa gizani saa nyingi za kila siku. Kwa hiyo mzee anayebakiza taa ya chemli juu ya kabati hapingi umeme. Amejiwekea akiba, na akiba haiozi. Nasi katika hekalu hili tutumie gesi jikoni, tuweke sola juu ya paa, na tusione aibu kubakiza taa ya samli madhabahuni, ambayo haijawahi kudai tokeni.

Juu ya safari nitasema kwa ufupi. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, na vijana wakashangilia kwamba wameokoa mchana mzima. Mjomba wetu hakushangilia. Yeye anaujua mteremko wa Senjele, na anazijua breki za malori yanayoshuka pale. Kuhusu ndege, wageni hutuuliza kwa nini tusitumie kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012. Huwajibu kwamba kiwanja cha Songwe kipo Mkoa wa Mbeya, na Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, hauna kiwanja hicho. Kisha hucheka na kupanda basi la alfajiri.

Mjomba ana mwenzake mashuhuri. Mwaka 1909, akiwa ndani ya meli Kildonan Castle kutoka Uingereza kwenda Afrika Kusini, Mohandas Gandhi aliandika kwa Kigujarati kitabu kidogo, Hind Swaraj. Humo aliishutumu reli, akisema hueneza tauni na kuzidisha njaa. Aliporejea India mwaka 1915, alizunguka nchi kwa reli hiyohiyo, katika daraja la tatu, na mwaka 1917 akaandika hadharani juu ya uchafu na msongamano alioukuta. Cherehani hakuipinga, aliisifu kuwa miongoni mwa mashine chache zenye manufaa, kama ajuavyo kila fundi aliyeketi kwenye baraza za Tunduma. Hiyo ndiyo shaka yenye adabu. Mtu huingia ndani ya chombo, akaketi pamoja na wanyonge, akaona kinavyowatendea, ndipo akasema.

Nimeweka picha mwisho kwa sababu hapo ndipo pana hasara yetu sisi wenyewe. Watu wa jamii yetu walikuwa mafundi wa picha katika pwani hii. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika mji wa Zanzibar mwaka 1930. Kazi yake ikaendelezwa na mwanawe Rohit, na leo mtu akitaka kujua Zanzibar ya wakati ule ilifananaje, hurejea katika picha hizo. Picha moja iligharimu fedha na subira. Watu walivaa, wakaketi, wakatulia. Ikichapishwa, iliwekwa katika fremu, na mwenyewe alipofariki ilivikwa taji la maua na kutundikwa ukutani.

Leo kila mkono una kamera. Jana jioni, wakati wa aarti, nilihesabu simu zilizoinuliwa kuliko mikono iliyoinuliwa. Lakini katika misiba michache iliyopita, mmeona wenyewe jinsi familia zilivyohangaika usiku kutafuta picha moja ya marehemu. Zilikuwapo maelfu, simu moja ilianguka majini, nyingine neno lake la siri alilijua marehemu peke yake, na ya tatu iliibwa stendi. Shangazi anayejifunika uso anauliza: picha hiyo inakwenda wapi? Hatuna jibu, na jumuiya ndogo kama yetu, ambayo watoto wake wengi wamekwisha hamia Leicester na Toronto, haiwezi kukaa bila jibu. Tukiondoka sisi, kuta za hekalu hazitasema majina ya waliozijenga.

Wengine wamedai tusirushe aarti kwa simu kwa ajili ya watoto hao walio mbali, wakisema darshan ni kuonana, na kioo hakionani na mtu. Hapo naomba nitofautiane nao. Mama aliye mgonjwa kitandani, na mtoto aliye ng'ambo, waone. Mwenye miguu aje.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu mbele ya Mwenyekiti. Kanu Gandhi aliporuhusiwa kumpiga picha Mahatma, alipewa masharti matatu: asitumie mwanga wa kumulika, asimtake asimame kwa ajili ya picha, na asitegemee fedha za ashram. Kwanza, basi, tuwe na mpiga picha mmoja katika kila ibada, chini ya masharti hayo, na simu nyingine zote zikae mifukoni. Pili, kila mwaka tuchapishe picha hamsini kwenye karatasi, nyuma ya kila moja tuandike majina, mahali na tarehe kwa kalamu, na tuziweke katika sanduku la chuma hapa hekaluni. Tatu, kijana mmoja aketi na kila mzee aliye hai, amletee albamu yake ya zamani, na aandike majina ambayo mzee huyo peke yake anayakumbuka. Kazi hii ianze mwezi huu, maana albamu itasubiri, lakini mzee hasubiri.

Huko Mbozi kuna kimondo cha tani zipatazo 16, ambacho wenyeji walikijua kabla wataalamu wa nje hawajafika mwaka 1930 na kukata kipande chake. Wageni wengi huenda pale, wakajipiga picha, wakarudi garini. Atakayemwomba mzee wa kijiji amsimulie, ataondoka na kisicho kwenye simu. Wazee wetu nao wapo hapa, mistari miwili ya mbele. Msiondoke kabla hamjawauliza.