Utitiri wa Kuku: Tusafishe Banda, Tusimlaumu Kuku

(Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi, Kata ya Makwale)

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vijiji, wazee wetu, mama zetu, baba zetu na vijana wa Makwale: mugonile!

Salamu hii ya hapa kwetu huuliza jambo moja: je, mmelala? Leo naomba tuipeleke salamu hiyo hadi bandani, tumuulize kuku naye kama amelala. Katika mabanda mengi jibu lake lingekuwa hapana, na asiyelala hatagi wala haatamii mayai yake.

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alikuwa na tetea mweupe aliyesifika kwa kulea vifaranga. Masika moja tetea yule aliyaacha mayai siku chache kabla ya kuanguliwa. Bibi alikasirika, akamchinja. Tetea wa pili akawekwa katika kiota kilekile, naye akaondoka. Ikasemwa kwamba ana tabia mbaya. Wa tatu hakuondoka. Alikutwa asubuhi amekufa juu ya mayai, kilemba chake kimepauka kama karatasi. Mjomba alipoinua majani ya kiota, mikono yake ilijaa vidudu vidogo kama punje za unga wa ulezi, vikimpanda hadi kiwikoni. Kuku watatu walikuwa wamehukumiwa kwa kosa la banda.

Vidudu vile ni utitiri mwekundu. Mimi si daktari wa mifugo. Niwaambiayo ni maarifa ya wataalamu, nami nimeyapanga kwa lugha ya mkutano. Utitiri si mdudu kama chawa. Una miguu 8 na ni jamaa ya kupe na buibui. Urefu wake haufiki milimita 1. Kabla ya kunyonya damu huwa na rangi ya kijivu, na ukishashiba huwa mwekundu.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: utitiri huu hauishi mwilini mwa kuku. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta, ndani ya mianzi iliyopasuka, chini ya vichanja na katika majani ya viota. Usiku, kuku akishatulia, hutoka ukamnyonya, kisha hurudi mafichoni. Ndiyo maana mtu humkamata kuku mchana, akampekua manyoya, asione kitu, akaamini kuwa banda lake ni salama.

Katika joto kama la Kyela, yai la utitiri laweza kuwa utitiri mkubwa unaotaga kwa muda wa siku 7 tu. Utitiri huo pia waweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kwa hiyo kuliacha banda tupu kwa wiki mbili na kisha kuwarudisha kuku si dawa. Wenye banda hilo watawapokea wageni wao kwa njaa.

Tutautambuaje? Chukueni tochi saa mbili au saa tatu usiku, mmulike chini ya vichanja na kwenye kingo za viota. Futeni chini ya kichanja kwa kitambaa cheupe; mkiona michirizi ya damu, mmepata jibu. Mchana, tazameni kama kuna vumbi la kijivu kwenye maungio ya miti, madoadoa mekundu juu ya mayai, kuku wanaokataa kuingia bandani jioni, na vilemba vilivyopauka. Mtoto anayeokota mayai akirudi akijikuna mikono, msimkemee. Nendeni mkakague kiota.

Si kila kinachomwasha kuku ni utitiri huu. Vijidudu vyeusi vilivyoganda kwenye kilemba na kuzunguka macho ni viroboto. Vidudu vinavyoonekana mchana kwenye manyoya ya karibu na mkia ni chawa au aina nyingine ya utitiri, ile inayokaa mwilini. Hivyo vyataka kuku mwenyewe atibiwe. Utitiri mwekundu wataka banda litibiwe.

Na banda hutibiwa hivi. Chagueni siku ya jua, muwatoe kuku wote asubuhi. Toeni matandiko yote, yakiwemo maganda ya mpunga, pamoja na majani ya viota, mkayachome mbali na nyumba. Msiyatupe nyuma ya banda, maana utitiri hutembea. Ng'oeni vichanja. Kwangueni kinyesi, kisha osheni kuta na miti kwa maji ya sabuni, mkisugua kila ungio. Mimineni maji yanayochemka katika nyufa, watoto wakiwa mbali. Msipitishe moto wa kinga ndani ya banda. Paa la nyasi na ukuta wa mianzi havihitaji cheche ya pili.

Banda likikauka, zibeni nyufa kwa udongo uliokandwa vizuri, mkalainishe ukuta, kisha pakeni chokaa. Mwanzi uliopasuka msiurudishe. Tundu lake ni nyumba ya maelfu. Tengenezeni vichanja vya miti laini iliyobanduliwa magamba, vinavyoweza kuchomolewa na kuoshwa. Wekeni majani mapya katika viota. Nje, mahali pakavu chini ya paa, wekeni sanduku la majivu makavu yaliyochanganywa na mchanga mwembamba, ili kuku wajigaragaze humo. Majivu hayo ni msaada kwa kuku, lakini hayachukui nafasi ya kusafisha banda.

Kisha, na hapa ndipo wengi wetu hushindwa, rudieni kazi hiyo baada ya siku 5 hadi 7, na tena mara ya tatu. Mayai ya utitiri yaliyonusurika mara ya kwanza huwa yameshaanguliwa, na waliozaliwa hawajapata muda wa kutaga. Anayesafisha mara moja amepunguza tu idadi ya adui. Baada ya hapo, tochi ya usiku iwe desturi ya kila wiki, hasa wakati wa joto.

Ndugu wananchi, sasa nasema lile lililonileta. Hapa kwetu tunalima kakao na mpunga, na katika nyumba nyingi hukosi chupa ya kiuatilifu iliyobaki baada ya msimu. Utitiri unapozidi, mkono huenda kwenye chupa ile na bomba la kupulizia. Nawasihi, msifanye hivyo. Kiuatilifu cha shambani kikipuliziwa bandani, kuku hukivuta, hukidonoa, nacho chaweza kuingia katika yai. Na yai hilo tunampikia mtoto tukidhani tunamjenga mwili.

Hili si jambo la kutishana. Mwaka 2017, nchini Uholanzi na Ubelgiji, mabanda ya kuku wa mayai yalipuliziwa dawa ya kuua utitiri huuhuu, iliyouzwa kama dawa ya mimea isiyo na madhara. Ndani yake kulikuwa na kiuatilifu kiitwacho fipronili, ambacho sheria za Ulaya hazikiruhusu kwa wanyama wanaoliwa. Mamilioni ya mayai yaliteketezwa, na nchi nyingi zikayaondoa madukani. Huko kulikuwa na maabara ya kugundua kosa. Yai la Makwale hutoka kiotani likaenda moja kwa moja sufuriani. Mkaguzi wake ni wewe mwenyewe.

Pale ambapo usafi peke yake haujatosha, mwoneni Afisa Mifugo wa Kata kabla ya kununua dawa. Mwelezeni mlichokiona usiku. Atawaelekeza dawa iliyosajiliwa kwa ajili ya kuku, kiasi chake, na siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama. Maji ya kuoshea vyombo vya dawa yasimwagwe mtoni: Mbaka, Lufilyo, Kiwira na Songwe yote huishia Ziwa Nyasa, na samaki wa ziwa ni chakula chetu pia.

Najua yupo atakayesema kuku ni jambo dogo. Lakini kuku ndiye daftari la mtoto asubuhi ya kufungua shule, ndiye nauli ya mgonjwa kwenda hospitali, ndiye heshima ya mgeni aliyefika bila taarifa. Mara nyingi ndiye mali pekee ambayo mama anaweza kuiuza bila kumwomba mtu ruhusa. Utitiri unapomnyonya kuku, unainyonya nyumba.

Basi usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu achukue tochi akatembelee banda lake. Na tetea akiacha mayai, kiinueni kiota kwanza, kisu kisubiri.