Kura ya posta inaanza na jina lako



Kila tukipita kwa wanachama hapa Fizi tunaulizwa: "Tulipokuwa kambini Nyarugusu, mbona hawakututumia kura kwa barua? Watu wa nchi zingine si wanachagua wakiwa ngambo?" Leo tujibu.

Tuanze na ukweli. Wacongo wa ngambo walichagua mara ya kwanza tarehe 20 Desemba 2023, na ilikuwa nchi 5 tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Hata hao hawakutuma barua. Walienda wenyewe kwenye kituo, na walichagua raisi tu. Tanzania, Burundi na Uganda, penye makambi yamejaa ndugu zetu, hazikuwemo.

Lakini kura ya mkimbizi kwa barua si ndoto. Kule Bosnia, Ulaya, vita iliisha 1995 kwa mapatano ya Dayton. Septemba 1996 wakachagua. Wakimbizi wengi waliobaki ngambo walipata karatasi kwa posta, wakairudisha kwa posta. Na mtu aliweza kuchagulia kule alikoishi 1991, hata kama nyumba yake ilichomwa ao mwingine analala ndani. Hila zilikuwepo, hatufichi. Lakini walijuaje huyu ni wa kule? Walifungua hesabu ya watu ya 1991, wakatafuta jina.

Sisi je? Hesabu ya mwisho ya watu wote wa Congo ni ya 1984. Wengi wetu humu tulikuwa hatujazaliwa. Njo maana karte ya uchaguzi imegeuka kitambulisho chetu cha kila siku. Na aliyekuwa kambini mwanzoni mwa 2023, wakati karte zilitolewa hapa Kivu ya Kusini, amerudi mikono mitupu.

Tulisindikiza mama mmoja kwenye biro moja. Wakamwambia: "Leta karatasi ya kuonyesha wewe ni Mcongo." Alikuwa na karte ya kambi tu. Kwenye dirisha la biro ile, shamba la baba yake lilikuwa linaonekana. Tulizunguka siku nne, mpaka shefu wa lokalite, aliyemjua tangu utoto, akamwandikia.

Basi, bahasha ni kazi ya mwisho. Ya kwanza ni jina. Wanachama, msitupe karatasi yoyote: karte ya zamani, karte ya kambi, cheti cha mtoto aliyezaliwa kule. Mleteni tupige kopi. Katika daftari yetu tunaandika jina, lokalite mliyotoka, na nani anawajua. Mfahamu vizuri: daftari hii si liste ya CENI, haimpi mtu kura. Ila siku ya kuandikishwa, mtajua mashahidi wenu ni nani na wako wapi.

Rafiki wafadhili, hatuombi vitu vikubwa: kopi, plastiki za kufunika makaratasi, na transporti ya wazee mpaka biro.

Na kwa serikali tunasema hivi: uchaguzi mwingine, kwa muhula wa miaka 5, ni 2028. Ndugu walio makambini waandikishwe mbele ya siku ile. Mtu alikimbia risasi, hakukimbia nchi yake.