Jina Lake Nani?

Leo nawaalika tutafakari habari za malkia mmoja wa Ethiopia aliyeitwa Eleni.

Alizaliwa binti wa mtawala wa Hadiya, nchi ya Waislamu, akaolewa katika nyumba ya wafalme Wakristo. Baeda Maryam alipotawazwa mwaka 1468, mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufa. Akampa Eleni heshima ya mama wa mfalme, ingawa hakumzaa. Basi hukumbukwa kama binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa fulani. Lakini mwaka 1508 Lebna Dengel aliporithi kiti akiwa mtoto, Eleni ndiye aliyeshika mambo ya ufalme. Ndiye aliyemtuma Mateus kwa mfalme wa Ureno kutafuta urafiki, naye akafika Lisbon mwaka 1514. Ujamaa ulimfungulia mlango. Akili aliyoingia nayo ilikuwa yake mwenyewe.

Mathayo naye, akiandika ukoo wa Bwana wetu, amtaja mama yake Sulemani kwa kumhusisha na Uria, mumewe wa kwanza. Jina la Bathsheba halimo.

Je, sisi wa Machakos tumewazidi hao? Twasema Mama Mutua, Mama Mwikali, na hiyo ni heshima, sikatai. Lakini nimepata kusimama kaburini nikauliza jina la marehemu, nipate kuliandika katika daftari la kanisa, na wanawe wakatazamana. Mama huyo alichimba matuta ya shamba lile pamoja na wenzake wa mwethya, akasuka vyondo ili alipe karo zao. Walimjua mama yao. Mtu mwenyewe hawakumjua.

Tena jina si jambo dogo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yamtambua mjane. Lakini kama jina lake halimo katika karatasi yoyote, atasimamaje mbele ya mashemeji wanaotaka kugawana shamba?

Mkumbukeni Mariamu Magdalene. Kaburini alimwona Bwana asimtambue, mpaka alipoitwa kwa jina lake.

Ndugu msikilizaji, jioni hii keti na mama yako. Mwulize jina alilopewa na wazazi wake, na sababu ya kupewa jina hilo. Liandike. Nanyi akina baba, fungueni sanduku la hati zenu, mtazame kama jina la mke wenu limo.

Bwana awabariki. Amina.