Spika Zinazovuma

Umewasha amplifaya, wimbo haujaanza, na spika tayari zinavuma. Mvumo huo mzito mara nyingi ni umeme wenyewe wa nyumbani, ambao hapa kwetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, umepenya kwenye nyaya za sauti. Ili kujua ni upi, zima, chomoa waya mmoja wa sauti unaoingia kwenye amplifaya, washa, sikiliza, kisha mwingine. Ukichomoa ule wa kompyuta kukawa kimya, huenda vyombo hivyo viwili vimepata ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, kwa njia tofauti. Vichomeke kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi mvumo hutulia. Wapo wanaokata pini ya ethi ili mvumo uishe. Tafadhali, usikubali! Pini hiyo ndiyo inayokukinga usipigwe na umeme.